Peke Yako Siyo Lazima Mpweke: Somo Kutoka Kwenye Picha za Ajabu



Katika kurasa hizi umezoea kusoma juu ya malaria, kichocho, ukuaji wa mwili na magonjwa ya zinaa. Leo tunabadilisha kidogo. Tutaangalia picha za kuchora. Usifunge gazeti! Hata kama hujawahi kushika brashi maishani mwako, somo hili ni lako, kwa sababu picha zenyewe zinahusu jambo linalowasumbua vijana wengi na ambalo ni wachache wanaothubutu kulitaja: upweke.

Huenda unasema moyoni, "Upweke? Huo ni ugonjwa wa Wazungu. Sisi tuna ndugu, tuna majirani, bwenini tunalala kwenye dabodeka, mtu hata nafasi ya kupumua hana." Wengi wanafikiri hivyo. Lakini mwezi Juni 2025 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Kwa vijana wa miaka 13 hadi 29, waliosema wanajisikia wapweke ni kati ya 17 na 21 katika kila 100, na walioongoza ni wale ambao bado hawajafika miaka 20. Umri wako huo! Tena katika nchi zenye kipato kidogo ni watu kama 24 katika kila 100, na katika nchi tajiri ni kama 11. Umeona? Hadithi ya "ugonjwa wa Wazungu" imeishia hapo.

Ripoti hiyohiyo inahusisha upweke na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka. Unaongeza hatari ya ugonjwa wa moyo, kiharusi, kisukari, wasiwasi na sonona. Kwa hiyo hili ni suala la afya kama lilivyo suala la chandarua.

KWANZA, TUELEWANE MANENO

Kiswahili chetu ni tajiri. Tuna maneno matatu ambayo watu huyachanganya.

Kuwa peke yako ni jambo la kuhesabu. Ukiangalia kushoto na kulia ukakuta hakuna mtu, uko peke yako. Basi. Hapo hatujasema kama una raha au huna.

Upweke ni jambo la kujisikia. Ni ile hali ya kuona kwamba hakuna anayekujua hasa, hakuna wa kumwambia, na hata ukimwambia hataelewa. Unaweza kuwa nao katikati ya watu mia.

Ukiwa ni mzito zaidi. Mkiwa ni mtu aliyebaki bila ndugu wala wa kumtegemea. Hata nyumba iliyohamwa, ikabaki majani na ukimya, nayo tunasema ina ukiwa.

Sasa chukua mifano miwili. Kijana wa kwanza ni mvulana wa Kidato cha Tatu. Kila Jumamosi jioni, baada ya kufua, anapanda juu ya jabali nyuma ya shule na kukaa peke yake akiangalia upande wa ziwa. Wenzake wanamcheka, eti ana mawazo. Kijana wa pili ni msichana wa kidato hichohicho. Huyu haachwi na watu. Wakati wa prepo meza yake ndiyo yenye vicheko, na foleni ya chakula anapanga na kundi lake.

Nani kati yao ni mpweke? Ukijibu haraka utasema mvulana. Lakini inawezekana yule mvulana anapumzisha akili, anapanga mambo yake, na akishuka pale yuko safi kabisa. Na inawezekana yule msichana hajamwambia mtu yeyote kwamba nyumbani baba na mama wametengana, na kila usiku taa zikizimwa analia ndani ya shuka. Kwa nje huwezi kujua. Shika neno hilo, kwa sababu ndilo litakalotufungulia picha.

KWA NINI MCHORAJI AVUNJE SHERIA ZA MACHO?

Tuseme mwalimu amekupa karatasi na kukuambia: chora upweke. Wengi wetu tutachora mtu amekaa chini ya mwembe, kichwa kimeinama. Picha nzuri. Lakini je, itasema ukweli? Mtu aliye chini ya mwembe anaweza kuwa anasali. Anaweza kuwa anasubiri basi la kwenda Mwanza. Picha ya kawaida, ile inayofuata macho kama kamera, inaonyesha kwamba mtu yuko peke yake. Inashindwa kuonyesha anavyojisikia ndani.

Ndiyo maana wako wachoraji walioamua kuvunja sheria za macho. Wanachora kama tunavyoota. Katika ndoto unaweza kuwa na nyuso tatu, moyo wako ukaning'inia nje ya shati, na samaki akaongea, nawe wala hushangai. Mtindo huu huitwa usureali. Ulipata jina na kundi lake rasmi mjini Paris, Ufaransa, mwaka 1924, pale mshairi André Breton alipochapisha tamko la kundi hilo.

Lakini usidhani kuchora mambo yasiyoonekana kwa macho kumeanzia Paris. Hapahapa Usukuma, chama cha waganga wa nyoka, Bayeye, kilikuwa na desturi ya kuchora kwenye kuta za ndani za nyumba ambamo wanachama wapya walifundishwa. Walichora watu, nyoka, wanyama na viumbe wa masimulizi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, alizikusanya picha hizo na kuzitolea kitabu mwaka 1953. Na katika miaka hiyohiyo ya 1950, Mmakonde mmoja aitwaye Samaki Likankoa alianza kuchonga vinyago vya mashetani vyenye maumbo ambayo hujawahi kukutana nayo njiani. Kwa hiyo jambo hili tunalo muda mrefu.

Ukikutana na picha ya namna hii, usiikimbie ukisema "sielewi". Jiulize maswali matatu:

1. Ninaona nini? (Taja vitu tu, kimoja kimoja, bila kutafuta maana.)
2. Ni kitu gani hapa ambacho hakiwezekani?
3. Hicho kisichowezekana kinafanana na nini ninachokijua moyoni?

Swali la pili ndilo ufunguo. Mara nyingi pale ambapo mchoraji amevunja sheria, ndipo alipoficha anachotaka kukuambia. Sasa tujaribu.

PICHA YA KWANZA: MTANZANIA KATIKA NCHI YA BARIDI

Everlyn Nicodemus alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1954. Mwaka 1973, akiwa binti mdogo tu, alihamia Sweden. Baadaye alisoma elimu ya jamii na tamaduni za watu katika Chuo Kikuu cha Stockholm. Lakini hakupendezwa na namna somo lile lilivyowageuza watu kuwa vitu vya kuchunguzwa. Akageukia uchoraji na ushairi. Maonyesho yake ya kwanza aliyafanyia nyumbani, kwenye Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980.

Mwaka 1982, akiwa katika kitongoji cha Åkersberga karibu na Stockholm, alijichora mwenyewe. Picha inaitwa kwa jina la mahali hapo: Picha Yangu, Åkersberga. Mwaka 2022 ilinunuliwa na National Portrait Gallery, jumba la London linalohifadhi picha za watu wa kukumbukwa. Ndiyo picha ya kwanza ya kuchorwa ambamo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe kuingia katika hazina ya jumba hilo. Binti wa Marangu huyo!

Swali la kwanza: tunaona nini? Tunaona mwanamke. Lakini uso wake si mmoja. Nyuso kadhaa zimeingiliana na kupandana, zimekuwa kama barakoa zilizoshonwa pamoja, kwa rangi kali.

Swali la pili: kipi hakiwezekani? Hakuna binadamu mwenye nyuso nyingi kwa pamoja.

Swali la tatu: hilo linafanana na nini? Hapa kila mtu atasoma kwa moyo wake. Picha hii imetokana na maisha ya Mwafrika aliyekutana na ubaguzi wa rangi Ulaya. Hebu fikiri. Ukiwa kwenu, wewe ni mtoto wa fulani, mjukuu wa fulani, fundi wa kuimba, mkorofi kidogo. Watu wanakujua mzima mzima. Ukifika mahali ambapo hawakujui, kila mmoja anakuvisha uso wake: huyu anaona mgeni, yule anaona rangi tu, mwingine anaona mke wa mtu. Unaangaliwa kutwa nzima, lakini huonwi. Mimi naisoma picha hii hivyo: nyuso zimekuwa nyingi kwa sababu hakuna aliyepokea uso mzima.

Linganisha na kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, ambacho nina hakika umewahi kukiona, hata kwenye picha ya kitabu. Pale watu wengi wamepandana, huyu kambeba yule, yule kamshika mwenzake. Nyuso ni nyingi na watu ni wengi. Katika picha ya Nicodemus nyuso ni nyingi, lakini mtu ni mmoja tu. Kinyago kinaonyesha undugu. Picha inaonyesha mtu ambaye amebaki kujipa ujirani mwenyewe.

Na Sengerema inaingiaje hapa? Huhitaji kupanda ndege ndiyo upate nyuso nyingi. Mwanafunzi anayetoka kisiwani Kome au kwenye kambi ya wavuvi akaingia bweni la mjini; anayechekwa kwa lafudhi; mwenye ualbino; mwenye kisigino cha kiatu kilichoisha; aliyerudi shuleni baada ya kujifungua; anayemeza dawa za kufubaza virusi kwa kujificha chooni. Hao wote wanajua maana ya kuwa na uso wa darasani, uso wa bwenini na uso wa nyumbani, na usipate mahali pa kuuvua hata mmoja.

PICHA YA PILI: KUJISHIKA MKONO

Twende Mexico. Frida Kahlo alizaliwa mwaka 1907. Akiwa na miaka 6 aliugua polio, na mguu mmoja ukabaki mwembamba. Watoto wenzake walimtania. Mwezi Septemba 1925, akiwa na miaka 18, basi alilopanda liligongana na tramu. Uti wa mgongo, nyonga na mguu vilivunjika. Alilala kitandani miezi mingi. Wazazi wake walimtengenezea ubao wa kuchorea akiwa amelala, na kioo kikafungwa juu ya kitanda. Kioo hicho kilimwonyesha mtu mmoja tu: yeye mwenyewe. Ndiyo sababu picha zake nyingi ni za uso wake. Mwenyewe alieleza kwamba alijichora kwa kuwa mara nyingi alikuwa peke yake.

Mwaka 1939 ndoa yake na mchoraji Diego Rivera ilivunjika. Mwaka huohuo akachora picha kubwa, zaidi ya mita moja na nusu kila upande, iitwayo Frida Wawili. Sasa ipo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa, mjini Mexico City.

Tuangalie. Wanawake wawili wamekaa kwenye benchi moja. Wote ni Frida. Wa kushoto amevaa gauni jeupe la kizungu lenye lesi. Wa kulia amevaa vazi la wanawake wa Tehuantepec, la kienyeji la Mexico. Nyuma yao mbingu imejaa mawingu mazito ya dhoruba. Mioyo yao iko nje, juu ya nguo. Moyo wa yule wa kulia ni mzima. Wa kushoto umepasuliwa. Frida wa kulia ameshika kipicha kidogo cha Diego alipokuwa mtoto. Kutoka kwenye kipicha hicho unatoka mshipa wa damu, unamzunguka mkono, unapita kwenye moyo wake, unavuka hadi moyo wa mwenzake, kisha unakatika. Yule wa kushoto ameubana kwa koleo la daktari, lakini damu bado inadondoka kwenye gauni jeupe. Na wawili hao wameshikana mikono.

Kipi hakiwezekani? Vingi! Lakini chagua kimoja: hakuna mtu anayeweza kukaa pembeni ya nafsi yake na kujishika mkono.

Kinafanana na nini? Hapa ndipo picha inapotufundisha pande mbili za kuwa peke yako. Upande mmoja ni mzuri. Dunia ikimwacha, Frida hakujitupa. Alikaa na nafsi yake kama mtu anavyokaa na dada yake. Huo ndio upweke uliogeuka kuwa rafiki: unajisikiliza, unajihurumia, unajua unachokitaka. Yule mvulana juu ya jabali huenda anafanya hivyo.

Upande wa pili tusiufiche. Angalia lile koleo tena. Anajitahidi kuzuia damu mwenyewe, na damu haijakoma. Kujishika mkono ni huduma ya kwanza. Wewe unayesoma elimu ya afya unajua: huduma ya kwanza inakuvusha hadi ufike kwa mganga. Haichukui nafasi ya mganga.

Breton alipofika Mexico mwaka 1938 alimhesabu Frida kuwa mmoja wa wasureali. Frida mwenyewe hakulikubali sana jina hilo. Alisema hachori ndoto, anachora maisha yake halisi. Ukiwa na maumivu ambayo hayaonekani kwa macho, utamwelewa.

TUNAJIFUNZA NINI KATIKA PICHA HIZI?

1. Kwa nje haujulikani. Wachoraji hawa walilazimika kuweka nyuso nyingi na mioyo nje ya nguo kwa sababu bila hivyo tusingejua kitu. Rafiki yako hawezi kuning'iniza moyo nje ya sare ya shule. Kwa hiyo usikisie. Uliza.

2. Kukaa peke yako si ugonjwa. Mtu anayependa saa moja ya ukimya asiitwe mchawi wala mwenye majini. Tena sote tunaihitaji saa hiyo, hasa sisi tunaoishi bwenini kwa kelele. Jipime kwa swali hili: nikitoka kwenye ukimya wangu, nimepata nguvu au nimezidi kuzama? Ukipata nguvu, endelea. Ukizidi kuzama, tafuta mtu.

3. Wingi wa watu si dawa. Usiku usio na mbalamwezi, ukisimama ufukweni utaziona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji mmoja. Ukizifuata kwa mtumbwi utakuta kila taa iko mbali na mwenzake. Bweni nalo linaweza kuwa hivyo. Daraja la Kigongo-Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, safari ya kusubiri kivuko ikawa dakika chache. Lakini daraja halivuki lenyewe. Lazima mmoja aanze kwenda upande wa pili.

4. Kilichomo ndani kikitolewa nje, kinapungua uzito. Nicodemus baadaye alipatwa na maradhi ya msongo yanayotokana na kiwewe, na ameeleza hadharani kwamba kuchora kulimsaidia kupona. Aliendelea kusoma pia, na mwaka 2012 alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti juu ya sanaa ya Afrika na kiwewe cha watu weusi. Kuanzia mwaka 2024 hadi 2025 kazi zake za miaka yote zilionyeshwa Edinburgh, Scotland. Kidonda chake hakikumzuia kuwa daktari.

ANGALIA MITEGO

Mtu mpweke ana njaa, na mwenye njaa hachagui chakula. Hapo ndipo tunaponaswa. Kuna pombe: ya kwanza unapewa bure "uchangamke", na upweke unakusubiri asubuhi pamoja na kichwa kinachouma. Kuna watu wazima wenye lifti za pikipiki, chipsi na vocha, wanaokwambia "mimi ndiye ninayekuelewa". Dada yangu, mtu anayekuelewa hakutaki usiri. Mwisho wa njia hiyo unaujua: mimba usiyoipanga, Virusi Vya UKIMWI, na masomo kukatika. Kaka, na wewe usicheke: mitego hiyo ipo pia kwa wavulana, hasa ile ya makundi yanayokuita ndugu ili ukafanye kazi yao chafu. Na likizo ukipewa simu, kumbuka: kuangalia picha za wenzako wakifurahi usiku kucha si kukaa na wenzako.

DALILI ZA KUTOZIPUUZA

Ukiona kwako au kwa mwenzako mambo haya yameendelea kwa wiki mbili au zaidi, usingoje:

- Usingizi umekimbia, au mtu analala muda wote.
- Chakula hakipiti, au anakula bila kipimo.
- Vitu alivyovipenda, kama mpira, kwaya, hata stori, havina ladha tena.
- Maksi zinashuka bila sababu.
- Anagawa vitu vyake, au anasema maneno kama "nikiondoka hakuna atakayejua".

Hiyo ya mwisho haisubiri wiki mbili. Usimwahidi mtu kutunza siri ya kutaka kufa. Kaa naye, na siku hiyohiyo mweleze mtu mzima mnayemwamini. Siri ya namna hiyo si uaminifu, ni hatari.

FANYA HIVI

- Chagua mtu mmoja. Huhitaji kumi. Anaweza kuwa shangazi, kaka, matroni, patroni, mwalimu wa ushauri na unasihi, kiongozi wa dini au muuguzi.
- Anza na sentensi fupi: "Nina jambo linanielemea, una dakika kumi?" Si lazima ueleze yote siku moja.
- Kama wa kwanza hakusikii, nenda kwa wa pili. Kuna watu wazima watakaokwambia "acha utoto". Usikate tamaa kwa sababu yao.
- Hospitali na vituo vya afya vyenye huduma rafiki kwa vijana havipimi malaria na mimba tu. Unaweza kwenda kuzungumza.
- Piga namba 116, simu ya kitaifa ya msaada kwa mtoto. Ni bure.
- Na ukiwa huna shida, wewe uwe mtu mmoja wa mwenzako. Leo kwenye foleni ya chakula, simama na yule ambaye hakuna anayesimama naye. Muulize anatoka wapi. Kisha nyamaza umsikilize.

ZOEZI: CHORA ISIYOWEZEKANA

Chukua karatasi na kalamu ya risasi. Huhitaji kipaji.

1. Chora umbo la mtu. Mistari tu inatosha.
2. Ongeza kitu kimoja kisichowezekana kinachoonyesha unavyojisikia wiki hii. Mdomo wenye kufuli? Miguu yenye mizizi? Kifua chenye dirisha lililo wazi?
3. Ongeza kitu cha pili: kile ambacho ungependa kiwepo kwenye picha lakini hakipo.
4. Amua mwenyewe kama utaionyesha picha au utaitunza. Ukiionyesha, mwenzako asiseme "umekosea" wala asicheke. Aulize swali moja tu: "Hapa umechora nini?"

Walimu na viongozi wa klabu za afya, tafadhali msiwalazimishe wanafunzi kubandika picha hizi ukutani. Nyingine ni barua, si mapambo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza tofauti kati ya kuwa peke yako, upweke na ukiwa. Katika lugha ya nyumbani kwenu kuna maneno gani ya hali hizo?
2. Kwa nini picha ya kawaida inashindwa kutofautisha mtu anayepumzika peke yake na mtu mpweke?
3. Linganisha nyuso nyingi za Everlyn Nicodemus na watu wengi wa kinyago cha ujamaa. Zinasema nini juu ya kuishi na watu?
4. Frida alijishika mkono mwenyewe. Je, ni wakati gani hilo linatosha, na wakati gani halitoshi?
5. Shuleni kwenu, ni mwanafunzi gani anayeangaliwa sana lakini haonwi? (Msimtaje jina. Jadilini mtakachofanya kuanzia kesho.)

Usipopata jibu la swali la tano leo, ulichukue. Kesho wakati wa mapumziko, angalia uwanjani polepole.